Kifungu cha Tisa Hakikuwa cha Serikali

Njeri,

Umeenda kwa kinyozi na utarudi na kichwa kama yai, na mimi nataka niwe nimemaliza kabla sijakiona, juu nikikiona nitaanza kulia na sitaandika kitu ya maana. Niko kwa meza. Nimesimama mara nne. Nimekunja blanketi yako, nimeikunjua, nimeikunja tena. Sasa nimekaa.

Mambo ya kufuli na sabuni na soksi ngapi sikuandikii. Orodha ya shule umeibandika mwenyewe ndani ya mfuniko wa sanduku, na wewe ni mtu wa orodha kuliko mimi. Nataka nikuambie kitu ingine. Nimeibeba miaka mitano, na leo kanisani imetoka, na wewe hukuwa ndani juu wote wenye hawana kadi ya ushirika waliambiwa watoke nje. Najua mlisikia sauti kupitia mabati. Najua pia kesho ukienda kuanza shule ya bweni utakaa na Kukhu, nyanya yako, kwa basi masaa saba, na utajiuliza mbona hanitaji. Basi usikie kutoka kwangu kwanza, usiokote kwa watu.

Wacha nianzie mbali kidogo. Nitaenda haraka.

Unajua nimezaliwa Kinoo. Unajua guka yako, baba yangu, alikuwa mzee wa kanisa huko, lile la mawe, lenye ua na mabomba ya maji na kwaya ya mavazi mawili. Chenye sijawahi kukuambia ni vile nilitoka huko. Nilikuwa na miaka kumi na sita na wewe ulikuwa umeanza kuonekana. Huko kanisa lilikuwa na kikao cha wazee, wanaume kumi na watatu, meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, na kila jambo linapigiwa kura. Jina langu likaletwa. Nikaambiwa nikae kwa benchi ya nje ningoje. Mlango waliuacha wazi juu ilikuwa joto. Mwenyekiti akamuuliza baba kama angependa kutoka wakati wanazungumza juu ya mtoto wake. Baba akasema mzee hatoki kwa kikao. Halafu wakaulizwa nani anakubali huyu msichana atengwe, na mikono ikapanda, na mmoja ulikuwa na saa ya mkanda wa kahawia. Hiyo saa nilikuwa naijua. Mimi ndiye nilikuwa naipanguza Jumamosi.

Sikungoja kusomewa. Nilishuka na barabara mpaka Kangemi na nguo zangu kwa mfuko wa karatasi, na sikuwa najua mtu Kangemi. Kukhu, wakati huo kila mtu alikuwa anamwita Mama Doris, alikuwa na kibanda cha mboga pale sokoni, mrenda na kunde na hizo majani zote zenye mimi sikuwa najua majina. Aliniangalia nikipita mara ya tatu na mfuko wangu. Akaniuliza, "Wewe unatafuta mtu ama unatafutwa?" Nikasema hakuna mtu ananitafuta. Akasema basi keti hapa uchambue hii mboga, na usitupe shina laini, shina laini inaliwa.

Hivyo ndivyo tulifika kwake. Ulizaliwa ukimkuta. Mkikuyu wa Kinoo na mtoto wake, na kukhu Mluhya wa Kakamega. Watu wakicheka sisi tunacheka nao.

Sasa nataka uelewe vile kanisa letu la Kangemi lilikuwa linaendeshwa kabla yangu, juu wewe umelikuta limeharibika na labda unafikiria limekuwa hivyo siku zote. Halikuwa na katiba. Halikuwa hata na karatasi. Lilikuwa na zoni nne: ya mtoni, ya soko, ya juu barabarani, na ile ya wenye wanatoka mbali. Kila zoni ilikuwa na mzee wake, mwanamume au mwanamke, na wa tano alikuwa anasaidia Pasta Josphat. Mama Doris alikuwa wa soko. Mume wake, Mzee Ambani, alikuwa wa mtoni. Kazi ya mzee ilikuwa kutembea. Wiki ya kabla ya meza ya Bwana anapita kila nyumba ya zoni yake, anauliza nani mgonjwa, nani haongei na nani. Kama wewe na jirani yako hamwongei, hamli meza mpaka mwongee, na mzee anakaa hapo kwa stuli, hata masaa mawili, hata kama ni juu ya kamba ya nguo.

Na mzee mpya alikuwa anapatikana vipi? Hakuna kura. Zoni inasema jina, halafu jina linatajwa mbele ya kanisa Jumapili tatu, kama vile watu wakitaka kuoana. Ukiwa na neno juu ya huyo mtu unaenda kwa wazee faraghani. Jumapili ya tatu ikipita bila neno, anafungwa kitambaa cheupe shingoni. Ni hiyo tu. Nilikuwa naona ni ushamba, Njeri. Naweka hapa ukweli. Nilikuwa naona sisi ni kanisa la mabati juu tunafanya mambo ya mabati.

Wakati huo nilikuwa nimeshapata kazi town, pale ghorofa ya pili, kwa yule mama mwenye biashara ya kuchapa. Hakuna mtu alinifundisha kompyuta. Niliingia hapo kufagia, nikawa nafagia polepole nyuma ya wasichana nikiangalia vidole vyao, na wakienda lunchi nakaa. Miezi minne nikawa nachapa kuliko wao. Barua za kazi, ratiba za mazishi, na sana sana katiba. Kila kikundi Nairobi kilikuwa kinataka katiba. Vikundi vya kufa na kuzikana, vikundi vya akina mama, makanisa. Nikazipenda, usinicheke. Nilipenda vile kitu inasemwa mara moja na inakaa. "Bila kuathiri kifungu kilichotangulia." Nilikuwa naenda nyumbani nikisema hiyo maneno kwa miguu yangu, hatua moja neno moja. Mtu ameacha shule kidato cha pili, na ananyoosha maneno ya mawakili wenye wamekosea. Nilijiona mkubwa.

Halafu mambo mawili yakaja pamoja.

Ya kwanza, kanisa fulani jirani liligawanyika, na mchungaji wao akaweka kufuli kwa mlango akisema hilo jengo ni lake, na hawakuwa na karatasi ya kumpinga. Pasta Josphat akaogopa, na ni haki yake. Akasema lazima tujiandikishe kwa msajili wa serikali, na msajili anataka katiba na viongozi wenye majina. Kila mtu akageuka akaniangalia. Nani mwingine?

Ya pili, zoni ya soko ilikuwa imetaja jina langu niwe mzee msaidizi. Jumapili ya kwanza likasomwa. Niliketi hapo nikisikia jina langu na nikahisi kama hiyo mikono ya Kinoo inashuka mmoja mmoja. Jumapili ya pili halikusomwa. Nikangoja. Ya tatu, kimya. Nikaenda kwa Pasta, akanituma kwa Mama Doris. Alikuwa anaosha sufuria nje na hakuacha. Akasema, "Ni mimi nimesimamisha. Wewe bado unajibu mtu kabla hajamaliza kuuliza. Mzee hawezi kuwa hivyo. Ngoja miaka miwili, mitatu." Nikamuuliza ni juu sina bwana? Akanitazama. Akasema, "Umeona? Sijasema hivyo. Umejibu chenye sijauliza."

Alikuwa sawa, na mimi nilienda na kinyongo kama kipande ya chuma kwa tumbo.

Sasa sikiza vizuri hapa. Kwa disketi yangu kulikuwa na katiba ya kanisa moja kubwa la town, la watu wa magari. Niliichukua. Nikatoa jina lao nikaweka letu. Nikatoa "askofu" nikaweka "mchungaji". Na nikafika kifungu cha tisa, chenye kilikuwa kinasema mzee wa kanisa au shemasi atakuwa mtu aliyefunga ndoa takatifu mbele ya kanisa, na awe na cheti.

Wewe unajua watu wetu. Hata wakati huo ulikuwa mtoto lakini ulikuwa unajua. Mzee Ambani alipeleka ng'ombe kwa kina Mama Doris, wazee wakala, wakakaa pamoja miaka ishirini na sita, watoto watano. Cheti hawana. Kati ya wazee wetu watano, watatu hawakuwa na cheti. Nilijua. Nilihesabu kwa vidole nikiwa nimekaa hapo mbele ya kompyuta. Nilijua pia mimi mwenyewe hicho kifungu kinanifungia nje, lakini kifungu cha kumi na mbili, sifa za katibu, nilikiandika mimi: ajue kusoma, kuandika, na kutumia kompyuta. Sasa niambie ni nani mwingine alikuwa anajua kutumia kompyuta. Nilijenga ukuta na nikajiachia mlango wa saizi yangu.

Nikajidanganya nikasema ni juu ya usafi. Nataka kanisa letu likae kama ya watu. Lakini mkono wangu ulikuwa kwa ile sehemu ya kufuta, Njeri, kidole kilikuwa juu ya hiyo kitufe, na nikakitoa.

Tukafanya mkutano. Nilisoma kifungu kwa kifungu, nikiwa nimevaa ile suti ya kijivu ya mtumba, na watu wanaitikia tu "sawa, sawa" juu maneno ni mazito na jua ni kali. Nikafika cha tisa, nikakisoma kwa haraka. Mzee Ambani ndiye aliinua mkono. Akauliza, "Hii ya cheti imetoka wapi?" Pasta akaniangalia, kwa kweli hakuwa anajua. Na mimi nikasema, hata sikufikiria, ilitoka kama mate, "Ni msajili anataka. Bila hiyo serikali haitupi cheti ya kanisa."

Msajili hakuwa anataka hiyo. Msajili hakuwa na habari yetu.

Mama Doris akasimama. Akaniuliza mimi, kwa jina, "Mama Njeri, serikali inataka kuona ndoa yangu ndio niende kuombea mgonjwa?" Watu wakacheka. Nilikuwa nangoja acheke pia. Nikamwambia, "Ndio sheria, Mama." Basi. Nani anabishana na serikali? Watu wa Kangemi wamebomolewa vibanda mara ngapi na watu wenye karatasi? Ukisema serikali, mjadala umekwisha, na nilijua umekwisha ndio maana nilisema. Akafungua kile kitambaa chake polepole, akakikunja mara mbili, akakiweka juu ya meza mbele yangu. Mzee Ambani akaweka chake. Wa tatu akaweka chake. Halafu wakaenda wakakaa nyuma.

Pasta baadaye alimwambia Mama Doris jambo ni rahisi, awafungishe ndoa Jumamosi moja, wachukue cheti, warudi. Alimjibu nikiwa hapo. "Nikiolewa leo, hiyo miaka yote nilikuwa nani? Hao watoto nilizaa na nani?" Mimi nilikuwa na neno la ukweli, na nikalimeza.

Ulikuwa darasa la tatu. Uliniuliza kwa nini Kukhu hakai mbele tena, na nikakuambia amechoka.

Wazee wapya wakaingia, vijana wenye picha za harusi kwa ukuta. Si watu wabaya. Lakini walidhani uzee ni kukaa kwa komiti. Tukawa na ajenda, tukawa na muhuri, tukawa na kumbukumbu zilizochapwa vizuri, mimi mwenyewe nikizisoma nilikuwa nasikia raha. Kutembea kukaisha. Mtu anagombana na jirani, anaandika barua kwa katibu.

Na unakumbuka mwaka jana Januari, baada ya uchaguzi, venye mambo yalikuwa, watu wakiwindana kwa kabila. Sitaki kuyarudia. Siku yenye ilianza mwenyekiti alipiga simu kuita kikao cha dharura cha kutuliza waumini, na hatukufanya, juu hatukufika akidi. Watano walitakiwa, tulikuwa watatu. Nilikuwa nimeketi kwenye kanisa tupu na daftari langu na nikaandika, kwa mkono safi, "kikao kiliahirishwa." Na wakati naandika hivyo, Mama Doris na Mzee Ambani, wenye hawana cheo, hawana kitambaa, walikuwa wanapita mlango kwa mlango zoni ya soko na ya mtoni, wakihesabu watu wao kama zamani. Walipofika kwetu walikukuta peke yako. Mama Doris akakuchukua wewe, akanifuata mimi kanisani, akatuweka kwa chumba yake siku nne, na kijana yeyote akikuja kuuliza kuna Wakikuyu hapa alikuwa anasimama mlangoni akisema kuna mtoto wangu na mjukuu wangu, unataka yupi?

Nililala chini ya kitanda cha huyo mama siku nne na uongo wangu. Na bado sikusema. Nataka ujue mtu anaweza kuwa hivyo. Mtu anaweza kuokolewa mara mbili na mtu mmoja na bado akangoja siku nzuri ya kusema ukweli. Siku nzuri haikuji. Hakuna.

Chenye kilinivunja ni wewe. Usishtuke. Ni wiki mbili zilizopita, ulirudi kutoka mazoezi ya kwaya ya watoto, na nikakusikia hapo nje ukimwambia yule msichana wa kina Mama Brayo asikuje Jumapili kama hana soksi nyeupe, ni sheria ya kanisa. Akaondoka amenyamaza. Nikakuuliza kwa utaratibu, hiyo sheria imetoka wapi? Ukasema, "Ni yangu, Mum, lakini nimewaambia ni ya Pasta ndio waisikie." Ukacheka kidogo. Ukaenda kuosha vyombo.

Nilikuwa nimeshika kikombe na nikakiweka chini. Ningekugombeza na mdomo gani? Sauti ilikuwa yangu. Hata kile kicheko. Nikafikiria unaenda shule, na wewe na akili yako, watakupa ubao wa kuandika majina ya wenye wanaongea, watakupa uongozi, mwaka wa kwanza tu, naona kabisa. Na utakuwa unajua vile maneno ya sheria yanafanya watu wanyamaze. Hicho kitu sikukufundisha kwa mdomo. Uliokota tu kwa nyumba, kama harufu ya mafuta taa.

Kwa hivyo leo.

Mkutano ulikuwa wa kuchagua wazee, miaka mitano imeisha. Nilikuwa nimeketi kwa meza na daftari kama kawaida. Tukamaliza ajenda zote, tukafika mengineyo. Nikainua mkono. Mwenyekiti, yule kijana wa duka ya vioo, akashangaa, juu katibu haongei, katibu anaandika. Nikasimama. Nikasema kifungu cha tisa hakikuombwa na msajili. Nikasema nilikichukua kwa katiba ya watu wengine, na nilijua kitamtoa nani, na nilipoulizwa nilidanganya mkutano. Nikasema na sababu. Hiyo ya kinyongo pia.

Halafu mwenyekiti, nafikiri hakujua afanye nini, akaniambia, "Andika."

Nikaketi nikaandika. "Katibu alisema kwamba alidanganya mkutano." Mkono wangu mwenyewe. Mzee mmoja hapo nyuma akacheka, si kwa ubaya, kicheko ya mtu amechoka. Ndipo kelele ikaanza, hiyo ndio mlisikia. Wengine wanasema nifukuzwe. Wengine wanasema kifungu kitolewe sasa hivi, wale watatu warudishiwe vitambaa. Na kijana mmoja wa komiti akafungua katiba, akasoma kwamba haiwezi kubadilishwa bila ilani ya siku ishirini na moja na theluthi mbili ya washirika. Nani aliandika hivyo? Mimi. Nilikuwa nimekipenda sana hicho kifungu. Nilikuwa nimekipigia mstari.

Basi hakikutolewa. Kitangoja siku ishirini na moja, na hata hapo kuna wale wanakipenda, juu bila hicho kifungu wengine wao hawangekuwa wazee. Sijui itakuwa namna gani. Mimi nimewekwa chini ya nidhamu. Nimerudisha muhuri na faili. Nitakaa benchi ya nyuma, sitakula meza ya Bwana mpaka mzee wa zoni yangu anitembelee na atosheke. Nikauliza mzee wa zoni yangu ni nani. Wakaangaliana. Hakuna aliyekuwa na uhakika.

Lakini hiyo si kitu. Hiyo nilijua itakuja.

Mama Doris alisimama wakati kelele imepungua. Nilikuwa nimejiandaa, Njeri. Nilikuwa nimejiandalia machozi, nimejiandalia kukumbatiwa, wacha niseme tu. Hakuniita Mama Njeri. Hakuniita mwanangu. Alisema, "Katibu. Siku ile nilikuuliza. Nilikuuliza wewe, kwa jina lako." Akachukua mwavuli wake akatoka kabla ya maombi ya kufunga. Miaka hiyo yote hajawahi kutoka kabla ya maombi.

Nikarudi nyumbani na nikakukuta unapiga pasi sketi, nikakuambia mkutano ulikuwa mrefu. Nilikuwa na kitu moja tu kwa kichwa: kesho. Si ni yeye alisema atakupeleka? Shule iko kwao, anajua njia, anajua mpaka mpishi, na mimi bosi amekataa kunipa ruhusa. Nikafikiria, nimesema ukweli ndio nikuache stage ya basi peke yako na sanduku. Nikafikiria labda ningengoja wiki moja. Unaona? Hata leo, baada ya hiyo yote, nilikuwa bado natafuta siku nzuri.

Ulipoenda kwa kinyozi Mzee Ambani akapita. Hakuingia, alisimama mlangoni na kofia yake. Akasema, "Amesema mtoto awe tayari saa kumi na moja na nusu alfajiri. Yeye ndiye anampeleka." Nikamuuliza, na mimi Baba, amesema nini juu yangu? Akazungusha kofia. Akasema, "Wewe hajakutaja."

Nilimshukuru. Akasema nisimshukuru yeye.

Nafikiria sana juu ya baba yangu leo. Miaka yote nimemchukia kwa kuinua huo mkono, na bado namchukia kidogo, sitakudanganya. Lakini yeye aliuinua huo mkono mlango ukiwa wazi, mbele yangu, na saa yake. Mimi nilijificha nyuma ya serikali. Sijui nani ni mbaya zaidi. Labda utajua ukiwa mkubwa, uniambie.

Chenye nakuomba ni kidogo. Hiyo mambo ya soksi utaona mwenyewe, kwa kina Mama Brayo si mbali na hapa, na jua bado liko.

Na kesho kwa basi, mpe Kukhu kiti ya dirisha, anapenda kuona mashamba ya chai yakianza. Atakuwa amekubebea viazi vitamu, kula. Atakuambia stori za kwao, sikiza. Lakini usiniombee msamaha. Najua wewe, utataka kutengeneza, utaanza, "Kukhu, Mum hakuwa na nia mbaya." Nilikuwa nayo. Akiniuliza, jibu chenye ameuliza, ukimaliza nyamaza. Asiponiuliza, usinilete. Hiyo safari ni yenu wawili. Ya kwangu ni kutoka hapa hadi kwake, nyumba kumi na moja, na nitaitembea akisharudi, na akinifungia mlango nitarudi kesho yake nitembee tena.

Wewe usinitetee.

Nasikia kicheko yako hapo nje kwa ngazi.

Mamako Wairimu,
mwenye tangu leo mchana si katibu wa mtu yeyote.